Msimu wa Viota Unahitaji Macho Kuliko Mapanga

Majira ya machipuko yakikaribia, vikundi vingi vya kuhifadhi ndege na mazingira hutoa mwito uleule: njooni tufyeke, tupande, tusafishe. Watu hujitokeza kwa wingi, wamevaa glavu na mabuti, na jioni eneo zima limebadilika sura. Naupenda sana moyo huo na sitaki uzimike. Shida yangu ni wakati. Haya ndiyo majira ambayo ndege wengi wa nchi zenye baridi hujenga viota, hutaga na kulea. Kichaka tunachokiona kimejiotea ovyo huenda kina ndege aliyetulia juu ya mayai, hatua mbili kutoka pale tuliposimama na msumeno. Kazi hiyo ilipaswa kuisha kabla. Kama haikuisha, basi ingoje.

Nchini Uingereza, wahifadhi huomba ua wa miti usikatwe kuanzia Machi hadi mwisho wa Agosti. Kusini mwa ikweta, ambako machipuko huanza Septemba, kalenda inageuka lakini hoja haigeuki. Kikundi kinachojua kazi yake hufyeka wakati wa baridi, matawi yakiwa matupu na viota vya mwaka uliopita vikionekana waziwazi. Visanduku vya viota navyo husafishwa baada ya makinda kuondoka na kutundikwa mapema, ili ndege wavizoee. Tundu la milimita 32 linamtosha shomoro. Kile kijiti ambacho watu hupenda kukiweka chini ya tundu kiachwe: ndege hakihitaji, na adui hupata pa kusimama.

Sasa kama si kufyeka, aliyejitolea afanye nini? Ahesabu ndege. Arudi mahali palepale, saa ileile ya alfajiri, mwaka baada ya mwaka, aandike alichokiona na alichokisikia.

Najua kuhesabu hakuvutii kama kupanda miti. Hakuna picha ya watu hamsini wakicheka na majembe. Lakini tazama kilichotokana nako. Huko Marekani na Kanada, tangu 1966, kuna utaratibu ambao mtu huendesha gari kwenye njia ya kama kilomita 40, akisimama vituo 50, na kila kituo anasikiliza na kutazama kwa dakika tatu tu. Wengi wa wanaofanya hivyo ni watu wa kujitolea. Mwaka 2019 wanasayansi walipotangaza kwamba nchi hizo mbili zimepoteza karibu ndege bilioni tatu tangu 1970, sehemu kubwa ya ushahidi wao ilitoka kwenye fomu za watu hao. Uingereza ina utaratibu wake ulioanza 1994: kila mtu hupewa eneo la kilomita moja ya mraba na hulipitia mara mbili, mapema na mwishoni mwa msimu. Bila watu hao tungebaki kusema "zamani ndege walikuwa wengi", na hakuna serikali inayobadilisha sera kwa maneno kama hayo.

Ndiyo maana inanisikitisha mtu anapopita njia yake yote asimkute ndege aliyekuwapo mwaka jana, halafu asijaze fomu kwa kuona kwamba hana cha kuandika. Anacho! Sifuri iliyoandikwa na mtu aliyekwenda kutazama ina uzito sawa na namba nyingine yoyote. Wakiandika wale tu walioona ndege, ramani itaonyesha ndege wapo hata baada ya kutoweka.

Na anayedhani kutazama ni kukaa bure, ajaribu kusimama chini ya mti mmoja kwa dakika kumi mwezi wa Mei. Mwanzoni ni makelele tu ya sauti zilizochanganyika. Baadaye utagundua kwamba ndege yuleyule amepita tena, na mdomoni ana kiwavi wa kijani ambaye bado anajinyonganyonga. Hammezi. Anatua kwenye tawi, anageuza kichwa huku na huku, anangoja, kisha anazama kichakani. Sauti nyembamba za makinda zinapanda kwa sekunde chache, zinakatika. Anapotoka amebeba kitu cheupe kinachong'aa, kidogo kama punje ya mahindi. Hicho ni kifuko cha kinyesi cha kinda. Mzazi anakwenda kukitupa mbali ili kiota kibaki safi na adui asipate dalili. Hapo tayari unaweza kuandika kwamba kiota kina makinda, na hujagusa hata jani.

Yule kiwavi naye si jambo dogo. Watafiti wa Marekani wamekadiria kuwa jozi ya ndege wadogo waitwao chikadi wa Carolina huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kulea makinda wa kiota kimoja hadi waruke. Hata ndege wengi wanaoishi kwa mbegu huwalisha makinda wao wadudu. Mtu anayepulizia dawa bustani yake mwezi huo anawanyima chakula makinda ambao pengine ametundika kisanduku kwa ajili yao.

Tarehe nazo ziandikwe. Mbayuwayu ana gramu 20 hivi, na wale wanaotaga kaskazini mwa Ulaya hurudi kutoka kusini mwa Afrika, safari ya takriban kilomita 10,000. Hawezi kujua akiwa huko kwamba joto limewahi na miti imechipua mapema kule anakokwenda. Kwa ndege wanaotegemea viwavi, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba aina moja ya ndege wahamaji wanaonasa wadudu ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 90 katika maeneo ambako viwavi hujaa mapema zaidi. Ndege walikuwa wakifika, lakini chakula kilikuwa kimepita. "Leo nimemsikia kwa mara ya kwanza", ikiandikwa kila mwaka na watu wengi, ndiyo inayotuwezesha kuona mambo kama hayo.

Kazi nyingine ya msimu huu, ambayo vikundi huisahau, ni kuzungumza na watu. Kuna siku ambapo kila mmoja anaokota kinda lililo chini na kulipeleka nyumbani kwenye boksi. Mara nyingi kinda lenye manyoya linalorukaruka chini halijapotea. Wazazi wapo karibu wakilisubiri lijifunze. Mtu mmoja wa kujitolea akisimama langoni mwa bustani ya umma, akaeleza hilo kwa upole na kuwaomba wenye mbwa wawafunge kamba, huenda akaokoa makinda wengi kuliko kundi zima lenye reki.

Wageni wasiojua sauti za ndege wasirudishwe nyumbani. Wapangwe na mzee wa kazi, mmoja asikilize, mwingine aandike. Msimu ukiisha, yule mwandishi atakuwa anazitambua sauti kadhaa bila kuuliza.

Lakini jambo ninalotaka viongozi wa vikundi walisikie ni hili: warudishieni watu matokeo. Mtu ameamka gizani, amejaza fomu, ameituma, halafu kimya hadi mwaka unaofuata anapoombwa tena. Wengi huachia hapo. Ukurasa mmoja tu unatosha, wenye ramani ya njia zetu, ndege walioongezeka, waliopungua, na mahali ambapo hakuna aliyekwenda kuhesabu. Utumwe kabla ya baridi kuanza, ili siku ya kufyeka ikipangwa, tujue ni kichaka kipi kisiguswe.