Picha ya mzee wa kahawa

Kila nikitoka na Zenit yangu, kamera ya mkanda ya zamani, Kariakoo lazima mtu aniulize "we huna simu?" Simu ninayo jamani. Ila nimechoka na hii staili ya sikuhizi kwamba picha kali ya mtaani ni ya kumvizia mtu, unapita umeshika simu kiunoni, unabofya mara ishirini unasepa, jioni mama wa watu na nyanya zake yuko Instagram na wala hana habari. Mi nauita udokozi.

Na Zenit huwezi. Zenit-E ni ya Mrusi, zilianza kutengenezwa 1965, chuma tupu, ukiweka na lenzi ya Helios ni karibu kilo nzima shingoni, na ukifyatua inalia kwacha! mpaka muuza mitumba wa meza ya tatu anageuka. Sasa utamvizia nani? Mita ya mwanga ya kwangu ilishakufa, kwa hiyo naenda kwa hesabu za zamani, jua la saa saba Mtaa wa Kongo na mkanda wa 400 (ndo wepesi wake wa kushika mwanga) unaweka spidi 500, yaani sehemu moja ya 500 ya sekunde, tundu la lenzi 16, basi. Halafu unafokasi kwa mkono na mtu anakuangalia muda wote huo, inabidi tu umsalimie.

Kuna mzee anauza kahawa na kashata pembeni ya Msimbazi, alivyoiona kamera akaweka dele chini, akafunga kifungo cha juu cha shati, akasimama wima kama wa pasipoti (mi nilitaka akiwa anamimina, ila utamwambiaje). Akauliza, "Zimebaki ngapi?" Kumi na moja, mzee wangu. "Haya, usiniunguzie." Vijana ndo wanasema hebu nione, wanageuza nyuma wanakuta mfuniko.

Sasa nikafika picha ya 36, ambayo ndo mwisho wa mkanda, nikavuta ikaenda tu, 37, 38, 40, hapo roho ikaanza kudunda. Kumbe ncha ya mkanda haikushika kwenye kigurudumu cha kuuvutia toka siku ya kwanza, wiki mbili nafyatua hewa! Kosa langu, maana ukivuta unatakiwa uangalie ile nobu ya kushoto ya kurudishia mkanda kama nayo inazunguka, na mi sikuiangalia hata mara moja.

Mtaniambia ndo ubaya wa mkanda, ghali, kusafisha nako shida. Kweli kabisa. Ila kwa simu ukishapiga umemalizana naye, hata jina humuulizi, huku kwenye mkanda unabaki unadaiwa, kama zamani mpiga picha akichelewesha unamfuata mpaka kwake, na mi hilo deni ndo nalitaka.

Jumamosi nikarudi kwa mzee. Akanimiminia kikombe kwanza.

"Imeungua, mwanangu?"

"Haijaungua mzee, haikuingia kabisa."

Akacheka mpaka akakohoa, kisha akaanza kutafuta kile kifungo cha shati.