Ukumbi wa Picha Usio na Picha Zake

Mzee mmoja mchoraji wa hapa Bagamoyo, ninayemheshimu kama mwalimu wangu, alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniambia: "Mwanangu, nguo ya kuazima haisitiri matako."

Nilikuwa nimemweleza wazo ambalo baadhi ya vijana waliosomea sanaa za ufundi hapa mjini wanalizungumza. Lipatikane jengo moja, hata kama ni nyumba ya zamani ya mawe, liwe ukumbi wa kuonyeshea picha na vinyago, ila ukumbi huo usinunue wala kumiliki kazi hata moja. Kazi ziazimwe kwa wenyewe, zikae ukutani miezi miwili au mitatu, zirudi kwao, zije nyingine. Kwa mzee, hilo ni duka lisilo na bidhaa. Anachotaka yeye ni makumbusho ya sanaa, mahali ambapo kazi ikishaingia haitoki, na mjukuu wake akija ataikuta.

Ana hoja, na nitaieleza. Lakini nimeshika kalamu kwa sababu upande wa pili hausikilizwi. Watu wakisikia "ukumbi usio na hazina ya kudumu", yaani usiomiliki kazi zake, wanadhani ni makumbusho yaliyoishiwa fedha njiani. Hata neno lenyewe linatatiza. Hapa kwetu ukisema "maonyesho" mtu anafikiria ngoma, maigizo, na tamasha la kila mwaka la TaSUBa, chuo chetu cha sanaa kilichoanza mwaka 1981. Mchoraji anabaki kutafuta ukuta wa hoteli ya kutundikia kazi yake.

Tuanze na hilo la umaskini. Tokyo ina jengo la taifa la sanaa lililofunguliwa mwaka 2007, lenye mita za mraba 14,000 za kuonyeshea, na halimiliki mchoro wowote. Japani haikukosa fedha za kununua picha. Iliamua kwamba jengo lile kazi yake iwe kupokea na kuaga. Wajerumani na Waswisi wana jina la kumbi za namna hii, Kunsthalle. Ule wa Basel ulifunguliwa mwaka 1872, na habari ya ujenzi wake inanigusa kila nikiikumbuka: mwaka 1854 wasanii wa mji ule walianzisha kivuko cha kuvusha watu mto Rhine, mashua iliyofungwa kwenye waya na kusukumwa na mkondo wa maji, na nauli zake zikachangia kujenga ukumbi. Mtu wa Pangani anayevuka kila siku kwenda Bweni hahitaji kufafanuliwa zaidi. Senti za wavukaji ndizo zilizoinua kuta zile.

Tena kumbi hizi zimeweza kuwafikishia watu wa kawaida mambo makubwa. Whitechapel, ukumbi uliofunguliwa mwaka 1901 katika upande wa London walikokaa makuli na wahamiaji, ulipokea Guernica, mchoro mkubwa wa Picasso wa kulaani vita vya Hispania, mwanzoni mwa mwaka 1939. Kiingilio kilikuwa jozi ya viatu vya kuwapelekea wapiganaji wa Hispania. Picha ikaonekana, ikafungashwa, ikaondoka, na ukumbi haukubakiwa na kitu. Lakini wakazi wale walisimama mbele ya mchoro ambao serikali yao isingewanunulia kamwe.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi, nalo ni utunzaji. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kupata picha hamsini kwa ajili ya makumbusho Bagamoyo hakutachukua mwaka. Wasanii wenyewe watazitoa bure, kwa furaha. Shida inaanza siku ya pili. Makumbusho ya Ulaya kwa miaka mingi yamefuata kanuni ya kuweka unyevu wa hewa karibu na asilimia 50, usiku na mchana, bila kupandapanda. Pwani yetu hii unyevu hukaa juu ya asilimia 70 karibu mwaka mzima, na masika hata kitabu kilichofungwa kabatini huota ukungu. Ongeza chumvi ya bahari inayokula misumari ya fremu. Ongeza mchwa. Ongeza popo darini. Picha nyingi za mtindo wa Tingatinga zimechorwa kwa rangi ya mafuta ya kung'aa juu ya mbao nyembamba za dari, na mbao hizo zikipata maji huvimba pembeni kama mkate. Kuzilinda kunataka viyoyozi visivyozimwa, jenereta, na mtu aliyesomea kazi hiyo anayelipwa mshahara Januari hadi Desemba, mwaka baada ya mwaka, hata asipoingia mgeni hata mmoja. Boma la Wajerumani, jengo la mwaka 1897 lenye kuta nene, lilibomoka sehemu mbele ya macho yetu. Kama kuta za mawe zilitushinda, karatasi na turubai tutaziweza kwa mfuko upi?

Na hata mwenye mfuko, tazama anachofanya. Makumbusho ya Uingereza ya London yanasema yana vitu visivyopungua milioni 8, na vinavyoonekana na umma kwa wakati mmoja ni kama 80,000. Asilimia moja. Tuipige hesabu hiyo polepole. Kama vitu vile vingepokezana kwa zamu ya mwaka mmoja mmoja, kila kimoja kingekaa mwaka mmoja kwenye mwanga na miaka 99 stoo. Mtoto aliyezaliwa leo hangeishi kuona zamu ya pili. Nakubali kwamba vingi kati ya vitu hivyo ni vipande vya vyungu, sarafu na karatasi zinazosubiri wasomi, si picha za kutundikwa. Hata hivyo namba hiyo hainitoki kichwani, kwa sababu ya kilichotokea Agosti 2023: makumbusho hayohayo yalitangaza kwamba vitu vyake kama 2,000 vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, vingi vikiwa vya stoo, na baadhi havikuwahi kuorodheshwa ipasavyo. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Taasisi yenye walinzi, kamera na zaidi ya karne mbili na nusu za uzoefu ilipotelewa na vitu bila kujua kwa miaka. Basi chumba cha nyuma hapa Bagamoyo, chenye kufuli moja na mlinzi anayesubiri mshahara wa miezi mitatu, kitatupa uhakika gani?

Mzee atanijibu kwa kinyago cha Wamakonde, na hapo ananibana. Mwaka 1984 Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam yaliibiwa vitu, kinyago hicho kikiwemo. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilirudi nyumbani mwaka 2010. Mimi naweza kusema: ona, kuhifadhi hakukizuia kuibwa. Lakini yeye atasema, na atakuwa sahihi, kwamba kilirudi kwa kuwa kilikuwa na mwenyewe. Kulikuwa na taasisi iliyoweza kusimama na kusema, hiki ni chetu. Ukumbi wa kuazima hauwezi kusimama hivyo kwa niaba ya taifa.

Hoja yake nyingine inauma zaidi. Edward Saidi Tingatinga, aliyepita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kufika Dar es Salaam, alichora kwa miaka michache tu, akafa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Kazi zake nyingi zilinunuliwa na wageni wakaondoka nazo. George Lilanga naye, mchoraji na mchongaji wetu, ukitaka kuona kazi zake nyingi kwa pamoja, utawatafuta wakusanyaji wa Ulaya. Kijana anayejifunza kuchora hapa anaweza kumaliza masomo bila kuona kwa macho yake ubao mmoja ulioshikwa na mkono wa Tingatinga mwenyewe. Anaujua mtindo kupitia nakala ya nakala. Picha ya miezi miwili haimtoshi mwanafunzi. Anataka kuirudia mara ishirini, aone rangi ilivyopandishwa juu ya rangi. Hili sina jibu lake kamili, na sitajifanya ninalo.

Wapo pia wanaosema ukumbi mtupu ni rahisi kuufunga, na wana ushahidi. Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam, iliyolea wasanii tangu miaka ya 1970, Lilanga akiwa mmoja wao, leo haipo tena mahali pake. Ni kweli kwamba ile ilikuwa zaidi karakana na duka. Lakini jengo lisilo na cha kuhamisha humtamanisha mwenye kiwanja. Kesho utasikia limekuwa ukumbi wa harusi. Na wenye uzoefu wa ng'ambo watakutajia Boston, ambako taasisi ya sanaa ya kisasa iliyoanzishwa mwaka 1936 ilikaa miaka 70 bila hazina ya kazi zake, kisha mwaka 2006 ikaanza kukusanya. Nami nalisoma tukio hilo kwa namna nyingine: walianza kukusanya walipohamia jengo jipya walilojijengea, wakiwa na uwezo wa kulea. Miaka 70 yote hiyo watu wa Boston hawakukaa bila kuona sanaa wakisubiri stoo ikamilike. Sisi hilo ndilo tunalofanya sasa: tunasubiri makumbusho, na kuta zinabaki wazi.

Kinachotakiwa kushikwa kwa nguvu, kwa maoni yangu, ni daftari. Mwaka 1969 ukumbi wa Bern, Uswisi, chini ya mkurugenzi wake Harald Szeemann, ulifanya maonyesho yaliyowaudhi wenyeji kweli kweli: msanii mmoja alipaka mafuta ya mgando kwenye pembe za kuta, mwingine akavunja lami ya nje kwa tufe la chuma. Yalidumu kama wiki tano. Szeemann akaacha kazi mwaka huohuo. Ukumbi haukubaki na kazi zile, na nyingine hazikuwa za kubakishwa. Lakini barua zilibaki, na picha za mnato, na ramani za nani aliweka nini wapi. Mwaka 2013, miaka 44 baadaye, maonyesho yaleyale yalipangwa upya Venice, chumba kwa chumba, kwa kufuata karatasi hizo. Karatasi zinaenea kwenye sanduku la bati. Zinapigwa picha kwa simu na kuwekwa nakala sehemu tatu. Hazihitaji kiyoyozi.

Na kuazima kwenyewe, tangu lini kumekuwa aibu pwani hii? Ikitokea shughuli, harusi au maulidi, nani ana sufuria za kulisha watu mia tatu? Zinatoka kwa jirani huyu na yule, kila moja imewekwa alama ya rangi chini, na kuna mama mmoja anayezijua zote. Shughuli inakwisha, sufuria zinarudi zimesuguliwa, na hakuna aliyesema biryani ile ilikuwa ya kuazima. Ngoma zetu nazo hazikutundikwa popote. Zimefika kwetu kwa kuchezwa tena. Mkoba wa maarifa haya tunao, wala hatuhitaji mtaalamu wa kutoka nje kuja kutufundisha.

Sitaki kuficha ugumu. Mkopeshaji wa mbali, wa Geneva au London, atadai kiyoyozi kilekile, bima, na walinzi, kwa hiyo ubao halisi wa Tingatinga hatutaupata mwaka wa kwanza wala wa tano. Ukumbi utaanza na walio hai: wachoraji wa hapa, wachongaji wa mpingo, wenzetu wa Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Kila maonyesho mapya yanataka fedha mpya, na palipo na wafadhili wa nje kuna hatari ya wao kuchagua nini kionekane. Ndiyo maana habari ya kivuko cha Basel inanivutia kuliko ruzuku yoyote. Na nyumba za Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo zina sheria zake za mambo ya kale. Huwezi kupigilia msumari utakavyo kwenye ukuta wa matumbawe. Utatundika kwenye vibao vya kusimamisha, na hilo ukumbi wa muda hulimudu vizuri, kwa kuwa haudai ukuta ubadilishwe kwa ajili yake.

Nilirudi kwa mzee na hayo yote. Hakukubali. Alisema kumi tu, kazi kumi zibaki, hata kama nyingine zote zinapita. Nilimuuliza nani atazifuta vumbi mwaka wa saba. Alinyamaza kidogo, akasema atafikiri.

Wiki iliyofuata aliniita kwake. Picha tatu zilikuwa barazani, amezitoa chini ya kitanda, zimefungwa kwenye kanga. Binti mmoja aliyehitimu chuo juzi alikuja na futi na kaunta buku. Tulizipima upana na urefu, tukaandika mwaka, rangi aliyotumia, nani alikaa mbele yake alipokuwa akichora, na kwa nini anga ya ile ya pili ni ya kijani. Ya tatu ilikuwa imeanza ukungu kwenye pembe ya chini kushoto. Tukaliandika na hilo. Zikapigwa picha mbele na nyuma. Mzee akaweka sahihi kwenye kila ukurasa, akazifunga tena kwenye kanga zake, akazirudisha ndani.