Tusichangie mashine kabla ya kuhesabu zamu: hoja ya mfuko wa wauguzi wa dharura Nyanda za Juu Kusini

Lori likikatika breki mteremko wa Iwambi, au basi likilala Kitonga, haipiti wiki wazo la michango halijarudi. Tununue mashine, tuongeze vitanda, tuwasomeshe wauguzi wa dharura. Marekani wazo hilo lilishageuzwa taasisi. Chama cha wauguzi wa dharura cha kule, Emergency Nurses Association, kilianza 1970, na mwaka 1991 kikaunda mfuko wake wa kuchangisha fedha za masomo na utafiti. Je, Mbeya, Iringa na Njombe tunahitaji mfuko wa namna hiyo? Kuna wanaosema hapana: afya ni kazi ya serikali, na mwananchi ameshalipa kodi. Wengine wanasema ukisubiri bajeti utazika. Pande zote mbili zina hoja, ila nyingi ya hoja hizo zinagombania pesa kabla ya kuitazama kazi yenyewe.

Basi tuitazame kazi. Msimu wa kupiga dawa kwenye mpunga wa Mbarali au viazi vya Njombe, analetwa kijana aliyeingiwa na sumu ya kuulia wadudu ya jamii ya oganofosfeti. Mate yanamtiririka, kifua kinaunguruma kwa majimaji, mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, suruali imelowa. Tiba inajulikana na si ghali: oksijeni, kumvua nguo na kumwosha kwa sabuni (mwoshaji awe amevaa glavu na aproni, vinginevyo naye anavuta sumu), kisha atropini, dawa ya kukausha majimaji hayo. Mtu mzima anaanza na miligramu 2 kwenye mshipa. Baada ya dakika 5 sikiliza kifua. Kama bado kimejaa maji, mpe 4. Dakika 5 nyingine, 8. Ndani ya dakika 10 umeshatumia miligramu 14, yaani vichupa 14 vya miligramu moja moja, na huenda hujafika nusu ya safari. Unalenga kifua kikauke, mapigo ya moyo yapite 80 kwa dakika, na namba ya juu ya presha ipite 80.

Makosa yanayoua hapa yanafahamika. Mmoja anaona mboni zimefunguka au mapigo yamepanda, anaacha, wakati kifua bado kinachemka. Mwingine anatoa kichupa kimoja kila baada ya saa kadhaa kama antibayotiki. Wa tatu anafanya kila kitu sawasawa hadi kifua kinakauka, kisha anahamia kwa mgonjwa mwingine bila kuweka dripu ya kuendeleza. Dripu hiyo huwa kati ya asilimia 10 na 20 ya jumla ya dozi ya mwanzo kwa kila saa, kwa hiyo aliyepewa 14 anahitaji miligramu 1.4 hadi 2.8 kwa saa. Bila hiyo, usiku wa manane maji yanarudi. Dozi ikizidi, mgonjwa anaanza kuweweseka, mwili unachemka na tumbo linanyamaza kabisa. Hapo unasimamisha, unasubiri atulie, unarudi na kiwango kidogo.

Ukiondoa oksijeni, hakuna mashine ya bei mbaya hapo. Kuna stethoskopu, saa, vichupa vya kutosha kwenye kabati la kitengo (siyo stoo kuu iliyofungwa tangu saa tisa na nusu), na muuguzi anayeruhusiwa kukaa na mgonjwa mmoja kwa saa nzima. Hilo la mwisho halijapata harambee yake.

Sasa hesabu ya zamu. Wiki ina saa 168. Muuguzi wa saa 45 kwa wiki anaziba sehemu ndogo tu, kwa hiyo ili nafasi moja isiwe wazi usiku na mchana unahitaji karibu watu 4. Weka likizo ya siku 28, uzazi, ugonjwa na misiba, unafika 5. Ukitaka wauguzi wawili waliofundishwa dharura kila zamu, ni 10. Hospitali inayopeleka wawili kwenye kozi na kurudi na picha ya pamoja imejihakikishia jambo moja: usiku mwingi hakutakuwa na hata mmoja wao kazini. Ndiyo maana ufadhili wa mtu mmoja kwenda kusoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, jambo linalopendeza sana kutangazwa jukwaani, hausogezi huduma za Makambako wala Tunduma hata hatua moja kwa miaka miwili mitatu ya mwanzo. Si kwamba haufai. Lazima wawepo wa kufundisha wengine, na Muhimbili, ambako idara ya dharura ilifunguliwa 2010, ni ushahidi kwamba kundi dogo la wabobezi linaweza kuibeba fani. Ila mfuko mchanga wa mkoa ukianzia huko utakwisha kabla matunda hayajaonekana.

Kinachofaa kuanzia ni mafunzo mafupi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2018 kozi ya msingi ya huduma za dharura, baada ya kuijaribu Tanzania, Uganda na Zambia. Ni siku 5: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha kumvua mgonjwa na kumkagua mwili mzima, halafu majeruhi, shida ya kupumua, mshtuko wa mwili na mgonjwa aliyebadilika fahamu. Haihitaji maabara ya kifahari. Dosari yake kwetu ni bei isiyoandikwa popote. Wauguzi 24 kwa siku 5 ni siku 120 za zamu zilizotolewa wodini, na wanaobaki ndio wanaozilipa kwa kufanya kazi mfululizo. Juu yake kuna posho. Posho si dhambi, mtu wa Mafinga hawezi kulala Mbeya kwa hewa. Tatizo ni kwamba posho huchagua washiriki. Majina yale yale hujirudia, mara nyingi ya wasimamizi ambao hawajashika mfuko wa kupumulisha mgonjwa, ile ambu, kwa miaka.

Njia ya pili ni kufundishia kazini: dakika 45 makabidhiano ya zamu yakiisha, ujuzi mmoja kwa wiki, kwenye kitengo chenyewe na kwa vifaa vilevile vitakavyotumika usiku huo. Ni nafuu, na inaumbua mambo ambayo ukumbi wa hoteli hauyaumbui: spana ya mtungi wa oksijeni haipo, vali ya ambu imefungwa kinyume baada ya kuoshwa, mashine ya kufyonza haina mrija. Udhaifu wake ni kwamba inakufa mapema. Mkufunzi akihamishwa au mwezi ukiwa na wagonjwa wengi, vipindi vinapotea na hakuna anayeuliza. Kwa hiyo kama mfuko utalipa kitu kimoja tu, naona ulipe siku za mkufunzi: mtu mmoja anayezunguka hospitali tatu au nne, anayejulikana kwa jina, mwenye ratiba. Na Baraza la Uuguzi na Ukunga likiwa linadai mafunzo endelevu ndipo mtu ahuishe leseni, vipindi hivyo viombewe alama, maana muuguzi anayepata alama zake kitengoni kwake hana sababu ya kuzifuata hotelini.

Baada ya mafunzo kuna jambo ambalo haligharimu hata senti na bado ndilo gumu kuliko yote: uhamisho wa ndani. Muuguzi anajifunza Machi, Agosti anapelekwa wodi ya wazazi. Wakuu wa wauguzi wana sababu zao, na si za kupuuzwa. Kitengo cha dharura kinachosha, kuzungusha watu kunazuia upendeleo, na wodi ya wazazi nayo ina vifo vyake. Lakini mfuko unayo haki ya kusema: tunafundisha 10, ninyi mnaahidi kwa maandishi kwamba 8 watabaki kitengoni miezi 24, na akiondoka mmoja anaondoka baada ya kumfundisha atakayempokea. Hospitali isiyotaka kusaini, pesa ziende kwingine.

Utafiti ndio unaopingwa kwa sauti zaidi. Wanaoupinga wanasema wagonjwa wako koridoni, nani ana muda wa dodoso? Wana ushahidi pia: rafu za vyuo zimejaa tasnifu ambazo wauguzi walijaza fomu zake na hawakurudishiwa hata ukurasa mmoja wa majibu. Kibali cha maadili kina ada na kina miezi yake.

Hata hivyo, hoja ya upande wa pili ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Kwa miaka mingi, mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu alijazwa maji ya dripu haraka haraka, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyoelekeza. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na hapa Tanzania, kwenye hospitali ya Teule, Muheza, kwa watoto 3,141. Waliopewa maji ya haraka walikufa zaidi: kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, dhidi ya 7.3 kwa wasiopewa. Kwa watu wazima wenye maambukizi makali na presha ya chini, utafiti wa Lusaka wa 2017 ulionyesha jambo lilelile: vifo asilimia 48.1 kwa waliofuata utaratibu wa kujaza maji mapema, dhidi ya 33.0 kwa waliopata huduma ya kawaida. Lusaka ndiko iendako barabara inayopita Tunduma. Bila tafiti hizo, tungeendelea kudhuru wagonjwa kwa nia njema na kwa kufuata kitabu.

Na yapo maswali ambayo hakuna wa kutujibia. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Makete juu zaidi. Hewa nyepesi hushusha kidogo kipimo cha oksijeni hata kwa mtu mzima wa afya. Je, mipaka ya asilimia 90, 92 au 94 inayotumika kwenye miongozo inatufaa vilevile, au tunamaliza mitungi kwa watu wasioihitaji? Jingine: Juni na Julai, baridi ikikaza, watu wanalala na jiko la mkaa ndani. Anayeletwa akiwa na sumu ya kaboni monoksidi ataonyesha 98 kwenye kipimo cha kidoleni, kwa sababu kifaa hicho hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu. Muuguzi anayeamini namba atamwondolea oksijeni mtu anayeihitaji kuliko wote chumbani. Kwa hewa ya kawaida nusu ya sumu hutoka kwa saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni nyingi ya barakoa yenye mfuko muda hushuka hadi karibu saa moja na nusu. Ni wangapi wa namna hii kila baridi? Daftari la kitengo lingeweza kutuambia, lingekuwa linajazwa.

Daftari lenyewe ndilo utafiti wa kuanzia. Safu sita zinatosha: saa ya kufika, rangi ya triaji (upangaji wa wagonjwa kwa uharaka wa hali zao), upumuaji, oksijeni, kiwango cha fahamu, saa ya kuonwa. Chukua daftari lolote lililojazwa kwa haraka uangalie safu ya upumuaji: 20, 20, 20, 20, mstari hadi mstari. Watu arobaini hawawezi kupumua sawa. Hakuna aliyehesabu kwa dakika nzima, mara nyingi kwa kuwa ukutani hakuna saa yenye mshale wa sekunde na foleni inasukuma. Saa ya ukutani na mtu wa kupitia daftari kila Ijumaa ni utafiti wa bei ya mfuko mdogo. Ombeni ridhaa ya uongozi wa hospitali kabla ya kuanza, na mkikusudia kuchapisha, kibali cha maadili. Mbeya ina kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo kishiriki cha afya cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo wa kuelekeza hawako mbali.

Tuje kwenye kuchangisha. Wachangiaji wapo: wenye mabasi na malori, wafanyabiashara wa mbao Mafinga, wa mchele Ubaruku, wa parachichi Rungwe na Njombe, makanisa ambayo tayari yana hospitali. Shida ni kwamba mchangiaji anapenda kitu chenye kibao cha jina lake. Matokeo yanajulikana: mashine ya volti 110 inayoungua siku ya kwanza kwenye umeme wetu wa 230, monita yenye waya mmoja wa kidole, ukikatika ndio mwisho wake, mtungi mdogo wa lita 680 unaoonekana msaada mkubwa hadi upigiwe hesabu, kwamba kwa lita 15 kwa dakika ni dakika 45 tu, haitoshi kumtoa majeruhi Chimala hadi Mbeya mjini kama kuna foleni Uyole. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unakwenda saa 7 na nusu, lakini haubebeki kirahisi kwenye gari la wagonjwa.

Wanaosema michango inaipa serikali nafasi ya kujikunyata wana haki katika hili. Majengo ya dharura mengi kwenye hospitali za halmashauri yalijengwa kwa fedha za mkopo wa Covid wa shilingi trilioni 1.3 wa mwaka 2021, yakapata na vifaa. Kununua tena kwa harambee kile kilicho kwenye mpango wa halmashauri ni kulipa mara mbili. Dawa, oksijeni, mishahara na gari vibaki kwenye bajeti, na vidaiwe huko, kwa barua na kwa vikao vya kamati ya usimamizi wa kituo. Mfuko ulipie visivyo na kifungu: siku za mkufunzi, wa kushika zamu ya anayefundishwa, saa ya ukutani, mtu wa daftari.

Pesa zikae wapi? Zikipita akaunti ya hospitali kwa namba ya malipo ya serikali, zinaonekana na zinakaguliwa, ila zinasubiri mpango ulioidhinishwa. Zikikaa kwa kamati ya nje zinatoka haraka, na zinaweza kupotea haraka vilevile. Kwa mwaka wa kwanza ningechagua akaunti ya hospitali pamoja na ucheleweshaji wake, kwa sharti moja: kila robo mwaka ukutani ibandikwe karatasi yenye mapato, matumizi, na orodha ya zamu ikionyesha usiku ambao hapakuwa na muuguzi hata mmoja aliyefundishwa.