Nge hana dozi ya mtoto

Naandika hii bado nina hasira, mnivumilie. Jumamosi mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, kilo 13, kaumwa na nge kidole cha mguu kijijini kwetu Dodoma, alikuwa anamfuata bibi yake kwenye kuni. Mpaka mimi nafika mguu ushafungwa kwa mpira wa baiskeli hadi umebadilika rangi, kidole kina chale tatu za wembe, juu yake mafuta ya taa. Mtoto kalia mpaka sauti imekauka.

Tukambeba zahanati. Akachomwa sindano ya pepopunda, tukaambiwa rudini nyumbani, nge haui mtu.

Sawa, kwa mtu mzima mara nyingi ni maumivu ya usiku mmoja, asubuhi anaenda shamba, hilo siwezi kulikataa. Lakini nge hana dozi ya mtoto jamani! Sumu ile ile inayoingia kwa baba wa kilo 70 ndo inaingia kwa huyu wa kilo 13. Saa nzima haijaisha mtoto kaloa jasho, mate yanamtoka, anatapika, miguu inashtukashtuka yenyewe na macho yanazunguka hayatulii, nikamwita jina lake hata hanitazami. Tukapata bodaboda mpaka hospitali. Kule wakafungua ule mpira, wakamchoma ganzi pale kidoleni, wakamwekea oksijeni na usiku kucha wanakuja kumsikiliza moyo na mapafu, maana sumu ya nge mkali inachachamaza mishipa ya fahamu, moyo unazidiwa, mapafu yanajaa maji, na hicho ndo kinachoua watoto.

Kule India, Mahad, daktari Himmatrao Bawaskar aliona watu wanakufa hivyo hivyo, akaanza kuwapa prazosin, kidonge cha presha tu, akaandika mwaka 1986 na vifo vikashuka sana. Kidonge! Dawa ya kuua sumu yenyewe ipo pia, Afrika Kusini wanatengeneza ya nge wao, ila huku kwetu vijijini sijawahi kuiona.

Chale haitoi sumu, ikishaingia imeingia. Mpira unaua mguu. Mtoto akiumwa mvue kiatu na shanga za mguuni kabla hapajavimba, osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, mpe paracetamol kwa kilo zake, mguu utulie, anza safari. Usisubiri macho yazunguke. Na nyie ndugu zetu wa zahanati, najua mko wawili na foleni imefika mlangoni, lakini mwacheni mtoto alale hapo kwenye benchi masaa sita mkimwangalia, hatuombi mashine.

Halafu zile tochi za kukagua noti bandia, ukimmulika nge usiku anang'aa kijani, unamwona kabla hajakuona. Nimempelekea bibi moja, siku ya kwanza tu katoa wawili kwenye kuni.

Bibi simlaumu, alifanya alichofanyiwa yeye utotoni, na tangu siku ile hajalala vizuri. Mtoto anakimbia sasa. Pale nge alipouma hapaonekani hata alama, chale za wembe ndo tunaziosha kila jioni, moja imetunga usaha.