Genge huvunjwa kupitia simu zake, si kwa msako

Magenge yakitutia hofu hapa Nakuru, jibu huwa ni msako. Magari ya polisi yanaingia Rhonda na Kaptembwa usiku, vijana wanabebwa, na wengi wanarudi nyumbani kwa kukosekana ushahidi wa kuwafunga. Mwaka 2022, wanawake walipouawa Mawanga, jina la Confirm lilitajwa kila kona. Kundi hilo lilijulikana kwa utapeli wa simu kabla ya kuhusishwa na mauaji hayo. Kwa maoni yangu, njia ya kuwafikia wakubwa wake ilikuwa kwenye simu tangu mwanzo.

Tapeli hutupa laini ovyo, lakini simu yenyewe si rahisi aitupe. Kila simu ina namba ya IMEI yenye tarakimu 15 (bonyeza *#06# uone yako), na mtandao huiona hata laini ikibadilishwa. Laini nyingi zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu tofauti zinaweza kukurudisha kwenye simu moja. Ongeza rekodi za M-Pesa: pesa ya mama mboga inapitia laini mbili tatu, kisha inatolewa kwa wakala mmoja. Hapo ndipo anapoonekana yule ambaye hajawahi kumpigia mtu simu wala kushika panga, ila mgao humfikia kila jioni.

Kinachoniuma ni jinsi ushahidi huo unavyoharibiwa mapema. Afisa ananyakua simu na kuanza kupekua WhatsApp pale pale barabarani. Ikiwa bado iko hewani, mshirika wa mshukiwa anaweza kufuta yaliyomo akiwa mbali. Inatakiwa ikatwe mtandao, itiwe kwenye mfuko unaozuia mawimbi, na kila anayeishika aandikwe. Mtaalamu huinakili, kisha huchunguza ile nakala. Programu huipa nakala hiyo alama, mara nyingi yenye herufi na tarakimu 64. Ukigusa hata nukta moja ndani yake, alama yote inabadilika. Mahakamani kinahitajika pia cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kikikosekana, wakili wa utetezi ameshapata pa kushika.

Faida ya kufuata simu imeonekana. Polisi wa Ufaransa na Uholanzi walipoingia kwenye mfumo wa simu za siri wa EncroChat mwaka 2020, jumbe zake zilisababisha watu zaidi ya 6,500 kukamatwa kufikia 2023.

Idara ya upelelezi wa jinai, DCI, ilifunguliwa maabara ya kisasa ya uchunguzi Nairobi mwaka 2022, na ni hatua kubwa. Lakini maabara haiwezi kufufua ushahidi uliokufa mikononi mwa afisa wa Kaptembwa. Kila kituo cha Nakuru kipewe maafisa wawili waliofunzwa kazi hii, na mifuko ya kuzuia mawimbi iwepo kwenye gari la msako. Amri ya mahakama nayo itafutwe kabla ya kupekua, maana kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila kijana wa Rhonda, na wengi wanaobebwa usiku ule hawana hatia yoyote.