Siri ya redio za dharura na watafiti walioifungua

Julai 2023, wataalamu watatu wa kampuni ndogo ya Uholanzi iitwayo Midnight Blue, yaani Carlo Meijer, Wouter Bokslag na Jos Wetzels, walitangaza kwamba wamegundua kasoro tano katika TETRA, mfumo wa redio ambao polisi, zimamoto, wahudumu wa magari ya wagonjwa na waendeshaji wa mitambo ya umeme wanautumia katika nchi zaidi ya 100. Kasoro mojawapo haikuonekana kuwa bahati mbaya. Tangu hapo wahusika wamegawanyika. Wapo wanaoamini kwamba mtu wa nje hana ruhusa ya kupekua vifaa vya dharura, kwa kuwa anachokichapisha kitasomwa na mhalifu pia, na wapo wanaoamini kwamba bila mtu huyo ugonjwa usingejulikana kabisa. Naandika kwa sababu kundi la pili halisikilizwi kwa haki. Mtafiti hubandikwa jina la mdukuzi kabla hajaulizwa amefanya nini na amefanyaje.

Hoja ya wanaotetea siri ina uzito wake. Redio ya askari si simu ambayo mwenyewe anaibadilisha dukani akipata fedha. Idara hununua redio kwa mkupuo, kwa zabuni moja, kisha huzitumia kwa miaka mingi. Kasoro ikitangazwa leo, mhudumu aliye zamu usiku huu atashika redio ileile kesho na mwezi ujao, na hatari ya kipindi hicho inamwangukia yeye na mgonjwa aliye garini. Aidha, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, ETSI, iliyotoa TETRA mwaka 1995, imeeleza kwamba nguvu ya usimbaji wake, yaani kugeuza mazungumzo yasieleweke kwa asiye na ufunguo, iliamuliwa na sheria za wakati ule kuhusu bidhaa za kuuzwa nje, na kwa hiyo haikubali kwamba kulikuwa na mlango wa siri, yaani udhaifu uliowekwa kwa makusudi.

Hoja hiyo ingenishawishi kama watafiti wangekurupuka, lakini mwenendo wao unaonyesha kinyume. Walinunua redio ya Motorola aina ya MTM5400, ya kufungwa kwenye gari, wakaiweka mezani na kuipekua tabaka baada ya tabaka hadi wakazipata kanuni za usimbaji zilizokuwa zimefichwa kwa zaidi ya miaka 20. Kazi hiyo ilifadhiliwa na wakfu wa NLnet. Walipopata majibu hawakukimbilia magazetini. Walikipelekea taarifa kituo cha taifa cha usalama wa mtandao cha Uholanzi, na kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu walikaa kimya ili watengenezaji, idara za usalama na wamiliki wa mitandao wapate nafasi ya kujipanga. Huo ndio ushirikiano ambao kila mtu anasema anautaka, isipokuwa hapa ulianzishwa na watu ambao hakuna aliyewaalika.

Sasa tuitazame namba ambayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lote. Kanuni mojawapo ya usimbaji ya TETRA, iitwayo TEA1, ilitangazwa kuwa na ufunguo wa biti 80, yaani tarakimu 80 ambazo kila moja ni 0 au 1. Ndani ya redio, ufunguo huo ulikuwa unapunguzwa kimyakimya hadi biti 32. Kwa macho tu mtu anaweza kudhani kwamba kilichopotea ni kidogo kuliko theluthi mbili, lakini biti hazihesabiwi hivyo, kwa sababu kila biti inayoongezwa huzidisha idadi ya funguo mara mbili. Chukua kompyuta inayojaribu funguo milioni 1 kila sekunde. Kwa biti 32 itazimaliza zote, bilioni 4.3, kwa dakika 72 hivi, muda ambao hautoshi hata kusafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze. Kwa biti 80, kompyuta hiyohiyo itahitaji miaka zaidi ya bilioni 38. Mnunuzi aliuziwa kufuli ya miaka bilioni 38 akapewa ya dakika 72, na kwa nje kufuli zote mbili zinafanana. Watafiti walithibitisha kwamba hata kompyuta ya mkononi ya mwaka 1998 inaivunja kwa chini ya siku moja, maana yake kinga hii ilikuwa imekwisha nguvu tangu miaka ya mwanzo ya mfumo wenyewe.

Ni muhimu pia kujua aliyepewa kufuli hiyo. Kanuni nyingine, TEA2, imetengwa kwa vyombo vya usalama vya Ulaya, ilhali TEA1 ilikuwa ya biashara na ya kuuzwa nje, na vyombo vya dola vya baadhi ya nchi viliuziwa hiyohiyo. Msomaji aliye Nairobi, Dodoma au Bujumbura asilione hili kuwa ugomvi wa Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Katika sheria za kuuza teknolojia nje, nchi zetu zimo katika orodha ya wateja wa nje, na mteja wa nje ndiye aliyekusudiwa kupata kitu dhaifu bila kuambiwa.

Wanaotetea siri husema kwamba angalau siri ilimchelewesha mhalifu wa kawaida. Pengine ni kweli. Lakini mwenye fedha, maabara na nia mbaya hahitaji kusubiri makala ya mtafiti, kwa kuwa redio inapatikana kwa kununua kama walivyoinunua wao, na akishaigundua kasoro hana sababu ya kumwambia mtu. Aliyebaki gizani ni mlinzi. Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883, akizungumzia usimbaji wa kijeshi, kwamba mfumo mzuri ni ule usiodhurika hata adui akiutia mkononi, alimradi ufunguo umebaki siri. Wazo hilo lilikuwa na zaidi ya miaka 100 TETRA ilipotolewa.

Utafiti wa namna hii unaweza kufanywa bila kumdhuru mtu. Januari 2018 wakazi wa Hawaii walipokea kwenye simu zao onyo la uongo la kombora, na dakika 38 zilipita kabla halijasahihishwa. Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder waliupima mfumo wa maonyo kama hayo, wakaonyesha kwamba mtu akiwa na vituo vidogo vinne vya kurushia mawimbi, kila kimoja cha wati 1 tu, anaweza kutuma onyo bandia kwa uwanja wa michezo wenye watu 50,000 na kufanikiwa kwa asilimia 90. Majaribio yao yalifanyika ndani ya vizimba vinavyozuia mawimbi kutoka, kwa hiyo hakuna mpita njia aliyetishwa, na wahusika walijulishwa kabla ya kuchapishwa.

ETSI yenyewe ilibadili msimamo. Novemba 2023 ilitangaza kwamba itaziweka hadharani kanuni za usimbaji za TETRA, pamoja na zile mpya. Naihesabu hatua hiyo kuwa ya kiungwana, ingawa ilisubiri watu wa nje waibomoe siri kwanza.

Bado kuna jambo linalonisumbua. Kasoro ya TEA1 haiponi kwa sasisho la programu. Ushauri uliotolewa ulikuwa kuhamia kanuni nyingine au kuongeza juu yake usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani unaofunga mazungumzo kutoka redio ya msemaji hadi ya msikilizaji, ambao si sehemu ya kiwango cha ETSI na ambao maelezo yake yalibaki kwa wachache. Agosti 2025 watafiti walewale walirudi na taarifa kwamba katika utekelezaji mmojawapo wa kinga hiyo ya ziada, ufunguo wa biti 128 ulikuwa umepunguzwa hadi biti 56. Idara iliyotii ushauri wa 2023 na kutenga bajeti kwa ajili ya dawa hiyo haikuwa na njia ya kuhakiki yenyewe kama imepewa 128 au 56.