Hospitali ya watoto ikienda bungeni inamsemea nani?

Wengi hawajui kama hospitali kubwa za watoto hapa Marekani zina ofisi kabisa ya kulobi, yaani kuna mtu kaajiriwa, kazi yake asubuhi mpaka jioni ni kuwafuata maseneta na wasaidizi wao awaeleze kwa nini hospitali isikatwe hela. Nilipolijua hilo nilikereka. Hospitali nyingi za hivi haziko kibiashara, hata kodi ya mapato hazilipi, sasa siasa za nini? Baadae nikaanza kutafsiri Kiswahili kwa familia za Wakongo kwenye hospitali mojawapo na msimamo ukalegea, ila sijafika kule wao wanakotaka nifike.

Hoja yao ngumu kuipinga ni hii: mtoto hapigi kura. Wazee wa miaka 65 kwenda juu wana Medicare, bima ya afya ya serikali kuu, tangu 1965, na mwanasiasa akiigusa anajua atakachokipata kwenye sanduku. Na hiyo hiyo Medicare ndo mlipaji mkubwa wa mafunzo ya madaktari wanaosomea ubingwa, inalipa kwa kuangalia hospitali ina wagonjwa wake wangapi. Hospitali ya watoto ina wazee wangapi? Kwa hiyo miaka yote walikuwa wanaambulia karibu na bure, na hao ndo wanafundisha karibu nusu ya madaktari wa watoto nchi nzima! Mpaka 1999 ndo ukapitishwa mpango wao wa kulipia mafunzo hayo kwenye hospitali za watoto, CHGME, ukaanza na dola milioni 40, mwaka wa bajeti 2024 ulikuwa milioni 390. Zinaonekana nyingi lakini ya Medicare inatoka yenyewe, ya watoto inaombwa upya kila mwaka. Februari 2011 bajeti ya Obama, Obama huyu huyu wa bima ya afya, ilipendekeza isitolewe hata senti. Kongresi ikakataa, na haikukataa kwa kuota usiku, kuna watu walikesha milangoni.

Au chukua CHIP, bima ya watoto ya 1997 ambayo maseneta Ted Kennedy wa Democrat na Orrin Hatch wa Republican waliisukuma pamoja. 30 Septemba 2017 muda wake ukaisha, Kongresi wakaendelea na mambo yao, wakaja kuirefusha kwa miaka kadhaa 22 Januari 2018, na majimbo kama Colorado yalishatuma barua kwa wazazi kwamba jiandaeni. Watoto kama milioni 9. Ingekuwa pensheni ya wazee ingekaa hivyo wiki mbili?

Sasa geuza upande wa pili. Karibu nusu ya wagonjwa wa hospitali hizi wana Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ambayo mara nyingi hailipi gharama yote, so majimbo yakabuni malipo ya nyongeza. Kwenye majimbo mengi inaenda hivi: hospitali zinatozwa kodi maalum, serikali kuu inaongezea juu, halafu hela inarudi kwa hospitali ikiwa nono kuliko ilivyotoka. Wakosoaji wanaita mazingaombwe na mimi siwezi kusema wanaongopa. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imeyawekea dari, na hospitali zinapiga kelele watoto wataumia. Kweli wataumia, vitanda vya watoto havina faida na hospitali za kawaida zimekuwa zikivifunga. Lakini kuna hospitali za watoto zenye akiba ya mabilioni na bosi analipwa zaidi ya dola milioni kwa mwaka, na zote zinaongea kwa sauti ya mtoto yule yule wa kwenye picha.

Niliwahi kumsindikiza mama mmoja kwenda bunge la jimbo siku ya familia, yaani siku hospitali inapeleka wazazi kuongea na wabunge. Mtoto yuko kwenye wilchea, ana mrija wa chakula tumboni. Tukapewa karatasi moja ya hoja, yote viwango vya malipo, tukapata kama dakika kumi koridoni na kijana msaidizi wa mbunge. Mama akasema, "Mie shida yangu ni usiku. Nesi wa nyumbani banasema atakuya, hakuyake." Yaani masaa ya nesi yameshaidhinishwa, nesi hapatikani, mama anaamka kila saa kuangalia mashine. Nikatafsiri. Afisa wa hospitali akatabasamu vizuri tu, akasema ndo maana viwango vya malipo ni muhimu, akarudi kwenye karatasi. Nesi wa nyumbani hakuwemo mle, kwa sababu hela yake haipiti hospitali.

Hapo ndo nilipo mimi. Ofisi ibaki, kwenye CHGME na CHIP mfuko wa hospitali na tumbo la mtoto vilikuwa kitu kimoja na bila wao nani angeenda? Sheria ya 1995 inawalazimu walobi kuripoti kila robo mwaka wanachokipigania Washington, na ripoti ziko wazi, mtu akitaka anasoma. Mimi huwa nasoma kutafuta kisichokuwemo. Na siku ya familia, ile karatasi waandike akina mama wenyewe, hata kama afisa atatoka jasho.

Mama yule kwenye gari aliniuliza kama yule kijana ameandika habari ya nesi. Nikamwambia niliona anaandika, ila sikuona nini.